Mama Mkwe Ameahirishwa

Kwa Mkuu wa Ratiba,
Programu ya Kadi za Kumbukumbu,
Huko huko mliko.

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: KUAHIRISHWA KWA MAMA MKWE WANGU, KUSIMAMISHWA KWA MJOMBA, NA MENGINE YALIYOTENDWA NA PROGRAMU YENU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa vizuri na chai iko karibu, maana ni ndefu. Mimi si mtu wa kulalamika. Waulize majirani zangu wawili, kinyozi upande wa kushoto na mwenye mashine ya kutoa nakala upande wa kulia. Watakwambia kwamba hata paa lilipovuja juu ya meza yangu ya kazi nilisogeza meza tu, nikanyamaza. Lakini kwa haya mliyonitendea, Ndugu Mkuu, nikinyamaza nitapasuka.

Mimi ni fundi wa saa. Kazi hii inataka macho yaangalie chini. Mteja akiingia naona mkono kwanza, na nikishauona mkono sina haja ya kupanda juu zaidi. Mkanda wa ngozi uliochanika tundu la tatu, huyo ni dereva wa gari la wagonjwa. Kioo chenye mkwaruzo mrefu, huyo ni mwalimu wa hesabu, anaandika ubaoni kwa mkono wenye saa. Uso unabadilika kila siku, leo umenyolewa, kesho umenuna, lakini saa ni ile ile. Kwa utaratibu huo nimeishi vizuri na watu wote mpaka nilipopata mchumba.

Siku nilipopelekwa kwao kujitambulisha, niliingia sebuleni nimeinamisha kichwa kwa adabu, nikaiona saa ya mama mkwe. Naijua saa ile, mwenyewe nilikuwa nimeibadilishia kioo: ndogo, rangi ya dhahabu, mshale wa sekunde umepinda kidogo kwenye ncha. Nikapiga magoti mbele yake, nikatoa shikamoo ya kiwango cha juu kabisa, nikaeleza nia yangu kwa binti yake na nikaomba baraka. Kumbe asubuhi ile mama mkwe alikuwa amemwazima mdogo wake saa. Nilikuwa nimempigia magoti Mama Mdogo, na mama mwenye binti alikuwa kiti cha pili, mkono mtupu, ananitazama kisogo. Mama Mdogo, ambaye watoto wake wote ni wa kiume, alijibu kwamba kwa upande wake hana pingamizi.

Mchumba wangu ni muuguzi wa wodi ya wazazi, mtu wa kutafuta dawa kabla ya kutafuta mkosaji. Wiki ile ile aliniwekea programu yenu kwenye simu. Akapita nyumba hadi nyumba akiwapiga picha ndugu zake wote, na ni wengi, Ndugu Mkuu, wanajaza sebule na wengine wanabaki barazani. Mbele ya kadi ni uso, nyuma ni jina na undugu. Unautazama uso, unajiuliza huyu nani, unageuza, kisha unabonyeza kitufe kimoja kati ya vinne: Tena, kama umesahau, Ngumu, kama umehangaika, Vizuri, na Rahisi. Ukibonyeza Tena, uso unarudi upesi. Ukibonyeza Rahisi, unaondoka kwa siku kadhaa, na kila mara siku zinaongezeka. Nilipoelezwa hivyo nilisisimka mwili mzima. Kumbe ni saa tu, ila badala ya kugonga saa sita inagonga mashangazi. Nikaapa kuitii kama ninavyotii kila chombo kilichotengenezwa vizuri.

Hapo ndipo mliponipata. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mmemwahirisha mama mkwe. Baada ya aibu ile ya sebuleni, uso wake ulikuwa umeniganda kichwani, kwa hiyo kadi yake ilipotokea nilibonyeza Rahisi. Nani angebonyeza kingine? Kubonyeza Ngumu mbele ya uso wa mama mkwe ni utovu wa adabu. Programu yenu ikampa siku nne. Aliporudi nikabonyeza Rahisi kwa heshima zaidi, ikampa wiki mbili na ushee. Mara ya tatu ikampeleka miezi miwili. Yaani kadiri ninavyomheshimu ndivyo mnavyomsogeza mbali, wakati yule binamu anayeuza matairi, ambaye siwezi kumtofautisha na matairi yake, ananijia kila asubuhi kabla sijapiga mswaki.

Ningevumilia. Lakini kwenye maelekezo yenu mmeandika kwamba kadi isipitiwe kabla ya siku yake, kwa kuwa kuiona mapema kunaharibu ratiba. Sasa Jumanne moja, mama mkwe akiwa bado na wiki tano mbele yake, nikaiona saa yake inaingia dukani, na safari hii imevaliwa na mwenyewe, sauti niliisikia. Ningefanya nini, Ndugu Mkuu? Nikaingia chini ya meza. Nilifanya hivyo kwa ajili yenu. Mama akakaa kwenye benchi la wateja, akapiga soga na kinyozi kupitia dirishani, hana haraka hata kidogo, na mimi kule chini goti limo ndani ya boksi la springi. Mwishowe akainuka, akamwambia kinyozi kwa upole, "Mwambie fundi miguu yake inaonekana."

Jioni nilimweleza mchumba wangu kila kitu na kumwonyesha ratiba. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka. Mama yake alikuwa amerudi nyumbani akisema kwamba mwanamume anayemkimbia mkwe kabla ya ndoa, ndoa ikishafungwa atafika wapi. Mimi nampenda yule binti, Ndugu Mkuu. Nampenda mpaka nafungua saa nzima na kusahau nilichokuwa natafuta ndani. Nalisema hili wazi kwa sababu barua ya malalamiko lazima itaje hasara, na hasara yenyewe ni yeye.

2. Mmemsimamisha mjomba. Mchumba wangu ana mjomba, kaka wa mama yake, anayeitwa Mjomba Kochi. Alikuja kulala siku moja tu kwenye kochi la sebuleni kwao, wakati huo mchumba wangu akiwa bado shule ya msingi. Picha yake ilipigwa amelala, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na muda wa kusubiri aamke, basi uso wenyewe umelalia shavu na nusu yake iko kwenye mto. Nilijitahidi. Nikabonyeza Tena, siku nyingine Tena, na Tena. Mara ya nane skrini ikaandika: "Kadi hii ni kupe. Imesimamishwa."

Baadaye nilikuja kusoma kwamba ndivyo mnavyoiita kadi inayosahaulika mara nane, kwa kuwa inanyonya muda wa mtu bure. Lakini saa ile sikujua, na kwa bahati mbaya kubwa Mjomba Kochi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, amepita dukani kunywa chai yangu. Akayasoma maneno yale polepole, kwa sauti, juu ya picha yake mwenyewe. Kisha akaniuliza, "Kikao kilikaa lini?"

Nikamwambia hakukuwa na kikao, ni mashine tu imeamua. Hilo likamuumiza zaidi, kwamba hata mashine imeona. Akarudi nyumbani, akakunja shuka lake, akaliacha kochi, na familia ikagundua kwamba kochi lile kumbe ni la kijani. Na unajua alihamia wapi? Kwangu. Analala kwenye benchi la wateja, anasubiri alichokiita rufaa, na kila mteja akiingia anamwuliza kama ametumwa na kamati. Ndugu wa mchumba wangu wananinong'oneza nisiiharakishe rufaa hiyo.

3. Mmeuhamishia ukoo mzima miaka ambayo haijafika. Nitaeleza taratibu ili ofisi yenu isipate pa kujificha. Mteja mmoja aliniletea saa yenye kalenda, inayojua tarehe, mwezi, hata mwaka ule ambao Februari inaongezewa siku. Alitaka hakikisho kwamba itakuwa sahihi hata atakapomrithisha mwanawe. Kuijaribu saa ya namna hiyo kila fundi anakujua: unaisogeza mbele mwaka baada ya mwaka, na simu unaisogeza nayo sambamba, uone kama vinakubaliana. Nikasonga mbele miaka kumi na mmoja. Vikakubaliana kabisa. Nikafurahi, nikaviacha mezani, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi simu ilikuwa inalia. Ukoo wote ulikuwa umefika siku yake kwa pamoja, wanasubiri kama watu wa foleni ya maji. Mimi si mtu wa kuwaacha watu wasubiri. Nikakaa nikawapitia mmoja mmoja, na siku hiyo kichwa kilikuwa kimeamka kweli kweli: Rahisi, Rahisi, Rahisi, mpaka kinyozi akaja kuuliza naimba nini. Nilipomaliza nikairudisha simu kwenye tarehe yake ya halali, nikafunga duka nikiwa na raha ya ajabu.

Programu yenu, badala ya kuuliza, ikaamini kwamba nimeishi miaka kumi na mmoja bila kumwona mtu yeyote wa ukoo ule na bado nawakumbuka wote. Ikavutiwa. Ikaona mtu wa kichwa cha namna hii asisumbuliwe. Asubuhi nikafungua, ikaniambia: "Hongera! Umemaliza kwa sasa." Kesho yake, hongera. Nikaenda kutazama tarehe za mbele. Mama mkwe amepangiwa miaka ishirini na miwili ijayo. Bibi Mkuu, yaani bibi yake mama mkwe, amepangiwa miaka thelathini na mmoja. Bibi Mkuu amekwisha pita tisini.

Kwa uungwana nikaona si vizuri wenyewe wasijue. Nikaziandika tarehe zote nikazituma kwenye kundi la familia, na chini nikaongeza, "Ndugu wapendwa, hizi ndizo siku tutakazoonana."

Tangu hapo dukani kwangu hakukaliki. Mapacha walikuja pamoja wakaondoka mmoja mmoja. Yule aliyetangulia kuzaliwa amepangiwa nyuma ya mwenzake kwa miezi miwili, na kila mmoja alinishika kidevu akanitaka nimtazame vizuri usoni niseme nani mkubwa. Mama Mdogo alikuja kuuliza kama tarehe yake inaweza kusogezwa iangukie siku ya mapumziko, akaniita mwanangu na kucheka mpaka machozi. Binamu wa matairi alikuja kushukuru, maana amekuwa akipiga chafya kila asubuhi kama mtu anayetajwa mahali, na sasa zimekoma. Walikuja wengine ambao sijui hata walipitia njia gani, kila mmoja na lalamiko lake, wanakaa kwenye benchi miguuni pa Mjomba Kochi wakisubiri zamu.

Na Bibi Mkuu, Ndugu Mkuu, amefurahi kupita kiasi. Amesema mashine imempa miadi, na yeye tangu azaliwe hajakosa miadi. Ameagiza meno mapya, yale ya kudumu. Amekataa kushikwa mkono kwenye ngazi. Kila asubuhi anakuja dukani na fimbo yake, ambayo sasa anaitumia kuonyeshea watu njia, anauliza, "Bado ipo?" Nami namwonyesha ile tarehe, ananipigapiga shavuni, anaondoka. Wajukuu wananiuliza nani atakayemlea kwa miaka thelathini na mmoja. Swali hilo nalileta kwenu.

4. Niliwaandikia watu wenu wa msaada. Mmoja akanijibu kwa heshima akiuliza kama nimewahi kubadilisha tarehe ya simu yangu. Ni sawa na kumwuliza mwokaji kama amewahi kugusa unga. Nikamjibu: ndiyo, kila siku ya kazi. Baada ya siku mbili akanishauri niache tabia hiyo, na kadi zote nizirudishe mwanzo kabisa, niwe kama mtu ambaye hajawahi kumjua yeyote. Nirudi mwanzo! Mwanzo ni ile sebule, Ndugu Mkuu. Sina magoti ya kuanzia upya. Na nakuambia kama fundi kwa fundi: chombo chochote cha wakati lazima kikubali kusogezwa. Saa ya ukutani nikiisogeza mbele kisha nikairudisha, inarudi na kuendelea na kazi. Hainiambii hongera.

5. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mama mkwe aliisoma tarehe yake kwenye kundi la familia, akafikiri, akatoa hukumu. Kesho Jumamosi ukoo mzima utakusanyika sebuleni. Fundi atapita kwa kila mtu, atamsalimu kwa jina na kutaja undugu wake. Akimkosea hata mmoja, arudi kwenye saa zake na posa iwe imekwisha. Mchumba wangu alinipigia kunieleza, na mwisho akaongeza kwamba mlangoni litawekwa beseni. Watu wote watavua saa.

Leo ni Ijumaa. Nimefungua programu yenu tangu asubuhi kila nilipomaliza kumhudumia mteja. Hongera, inasema. Umemaliza kwa sasa.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote mambo machache. Kwanza, mrudishe ukoo wangu katika mwaka huu, leo hii kabla ya magharibi. Pili, mama mkwe aandikiwe barua ya kuombwa radhi, yenye muhuri, ikieleza kwamba aliyemwahirisha ni ofisi yenu na kwamba mimi chini ya meza nilikuwa kazini. Tatu, Mjomba Kochi arudishwe kazini, ingawa sijui ni kazi gani. Na kama yote hayo yatachelewa, basi kesho mniletee mtaalamu wenu mmoja asimame nyuma yangu aninong'oneze. Aje amevaa kawaida, aseme yeye ni ndugu wa upande wa baba. Ni wengi mno, hakuna atakayeshtuka. Asivae saa tu.

Nisalimie wote ofisini, wakubwa kwa wadogo, na wa nyumbani kwako pia. Msalimie yule kijana wa msaada, mwambie sina kinyongo naye ila ajifunze saa. Kinyozi anawasalimu. Mjomba Kochi anaisalimia kamati.

Ni mimi ninayehesabu dakika,

Fundi Saa,
kati ya kinyozi na mashine ya nakala.

Nakala: Mama mkwe (akikubali kuipokea).

Nyongeza. Barua hii sikuweza kuituma jana kwa sababu Mjomba Kochi alikuwa ameikalia bahasha. Sasa ni Jumamosi jioni, nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya wakwe, naandikia juu ya goti, samahani kwa mwandiko.

Beseni lilikuwapo kweli, limejaa, nililisikia likitikatika nilipovuka kizingiti, na kwa mara ya kwanza maishani sikutazama ndani. Nikainua macho. Ndugu Mkuu, niliwajua wote. Wala si kwa kadi zenu: wote hao walikuwa wamekuja dukani kulalamikia tarehe zao na kunishika kidevu. Pacha mkubwa ana tabasamu la kushoto. Binamu wa matairi kumbe ana vishimo mashavuni. Mjomba Kochi nilimtaja hata kabla sijamfikia, kwa mguno wake, naye akasimama wima ukoo mzima ukishuhudia, na waliokuwepo wakapiga makofi. Bibi Mkuu alinionyesha meno. Mbele ya Mama Mdogo nilibaki nimesimama, na sebule nzima ikacheka, naye akiwa wa kwanza.

Wa mwisho alikuwa mama mkwe. Nikapiga magoti, safari hii pale panapostahili, nikamwamkia, nikamwita mama. Hakuniitikia mara moja. Alitoa simu yake mfukoni akanipa nitazame. Mchumba wangu alikuwa amemwekea programu hii hii bila kuniambia, na ndani mna kadi moja tu. Mbele ni picha ya miguu miwili chini ya meza. Nikaigeuza. Nyuma ameandika, "Mkwe wangu."

Nikatazama chini ya kadi nikaona kila asubuhi amekuwa akibonyeza Tena. Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kama kweli ananisahau kila siku. Akanijibu, "Nikibonyeza Rahisi watakupeleka mbali. Mimi nataka nikuone kesho." Kisha akaniitikia salamu yangu. Mchumba wangu alikuwa mlangoni, amelishika lile beseni, analia na kucheka kwa wakati mmoja, na mimi nashindwa kuendelea kuandika kwa utulivu.

Kwa hiyo yote niliyoandika juu yafuteni. Ratiba isiguswe, tarehe zibaki hivyo hivyo, Bibi Mkuu asinyang'anywe hata siku moja. Nina ombi moja tu, nalo ni la haraka kuliko yote. Nimehesabu: mama mkwe ameshabonyeza Tena mara saba. Kesho asubuhi akiamka atabonyeza ya nane, na mimi najua kinachofuata. Tafadhali, Ndugu Mkuu, kwenye simu yake hilo jambo la kupe lizimeni leo leo. Mjomba Kochi amekataa kurudi kochini, na benchi lile halitutoshi wawili.